Shavu Alilolipita Herieth

Nyakitonto,
Kasulu, Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Philomena, mke mwenzangu wa Tunduma,

Mwakeye, mwana wanje. Umeamkaje huko? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa alfajiri kama jogoo mwenye mafua? Nimesikia Tunduma nako kuna baridi ya kuuma masikio. Vaa sweta, acha urembo. Na mtoto je, ameshaota meno? Usimpe chai ya rangi, mpe uji wa ulezi. Baba yake msalimie, ingawa hajawahi kuja hapa hata tukaona miguu yake ilivyo.

Mimi ni mzima. Magoti yanalia nikipanda kilima cha kisimani, lakini napanda. Maharage tumevuna, mihogo imekauka vizuri. Yule mbuzi uliyeniachia kazaa mapacha, mmoja kafa, mmoja ananyonya kwa fujo kama wewe ulivyokuwa ukinyonya. Nakuambia haya kwanza ili usije ukasema bibi amenitumia matusi matupu.

Anayeandika ni Mwalimu Kasian mstaafu, maana kalamu mimi naijua kwa kuiona tu. Nimemwapisha asilainishe neno, na kila kipande akimaliza ananisomea. Simu nimekupigia kwa simu za watu wote wa hapa, mpaka sasa wakiniona nakuja wanazificha. Hupokei. Ndiyo maana barua hii inakuja na Fidele, dereva wa lori la maharage, akukabidhi mkononi. Nimemwambia asitoke dukani kwako mpaka umeisoma mbele ya macho yake. Kaa chini basi. Mtoto mpe mtu amshike.

Nataka kukusimulia habari za mdogo wako. Unazijua, lakini unazijua kwa upande wa kutuma mzigo. Nitakusimulia kwa upande wa nyuso zilizoupokea.

Wakati unaondoka Herieth alikuwa anachemshia mafuta yake kwenye sufuria langu la maharage. Nta anaipata kwa warina asali wa upande wa Kibondo, mafuta ya mise, zile kokwa za mchikichi, anakamua mwenyewe, mchaichai anachuma nyuma ya choo changu. Nyumba nzima ikinukia mpaka wageni wananiuliza kama nimeolewa tena. Mafuta mazuri yale. Nyufa za visigino vyangu, ambazo ungeweza kupanda karanga ndani yake, zilifunga. Lakini alikuwa anauza vikopo vya kuhesabu kwa vidole, kwa majirani, na nusu yao wanakopa.

Ni kikoba chetu kilichomwinua. Si benki, benki ilimwuliza hati ya kiwanja, na kiwanja chake ni mgongo wangu. Tulimdhamini wanawake watatu: mimi, Kudra mwenyekiti wetu, na Swaumu yule fundi cherehani wa pale njia panda, aliyekushonea gauni la kipaimara bila kukutoza hata uzi. Mwislamu kakushonea gauni la kanisani, na wewe ukazunguka nalo kijiji kizima kama bibi harusi.

Desturi ya kikoba chetu unaijua. Mtu akikopa kwa ajili ya kitu cha kuuza, kitu hicho kinaanza kwa wadhamini wake, mbele ya wote, kabla hakijaenda sokoni. Anayepika mandazi anawalisha wadhamini. Aliyekopa kwa ajili ya gongo tulimfukuza, lakini na yeye alikuja na chupa. Basi Herieth alikuja na mafuta yake, sisi tumekaa duara, lile sanduku la kufuli tatu katikati. Akaanzia kwangu. Akanipaka shavu la kushoto, taratibu, kama anavyopakwa mtoto mchanga. Kudra akasema, "Mpake na la kulia, asije akaolewa upande mmoja!" Tukacheka. Akampaka Kudra, akampaka Swaumu. Tukapiga makofi, fedha ikatoka.

Akafanya kazi, mjukuu wangu, siwezi kumnyima hilo. Akanunua sufuria kubwa la kwake. Akapata meza kwenye soko la Kasulu, akawa anapeleka Kibondo na Kakonko. Akina mama wa Manyovu wanaovuka mpaka wakawa wanachukua kwa jumla. Akarudisha mkopo wa kwanza, akapewa wa pili, mkubwa zaidi. Mimi nilikuwa napita njiani nimeinua kidevu. Watu wakisema, "Yule ndiye bibi yake Herieth wa mafuta," najifanya sijasikia ili warudie.

Kisha wateja wa mjini wakaanza kumwambia mafuta yako yanalainisha lakini hayang'arishi. Wa Manyovu wakamwambia ng'ambo watu wanataka weupe, tena wa haraka, la sivyo watatafuta kwingine. Mkopo mpya umeshamkalia kichwani. Akakupigia wewe, dada yake, mwenye duka la vipodozi. Ukamwambia, "Nitakutumia kitu, uchanganye kidogo tu." Ukamtumia kwa basi, makopo yamebanduliwa karatasi, hayana jina, hayana hata picha ya yule mzungu anayecheka. Kumbe kitu kikiwa kizuri kinabanduliwa jina?

Siku ya kuleta mafuta mapya kwenye duara, nilikuwa nimejiandaa. Nilinawa uso. Nikavaa kitenge kile ulichonitumia. Nikakaa pale pale pa siku zote, wa kwanza kulia, nikamnyooshea shavu.

Alinipita.

Akaenda kwa Swaumu, akampaka uso mzima. Akampaka Kudra. Akaona hao hawatoshi, akawapaka na wengine waliokuwa wanataka kujaribu. Kudra akamwuliza, "Na bibi yako je, umemtaliki?" Akajibu, "Bibi ngozi yake imeshakomaa, nisipoteze mafuta." Watu wakacheka. Mimi niliudhika, nikanyamaza, maana mzee kulilia mafuta kama mtoto anayelilia pipi ni aibu. Shavu langu nikalirudisha mahali pake.

Mwanzoni wote waling'aa. Swaumu aliwaka kama taa ya karabai, mumewe Salumu akawa anarudi nyumbani mapema. Vikopo vikagombaniwa. Hata wanawake waliokuwa wanamsema Herieth kwamba anaringa wakapanga foleni mlangoni kwangu asubuhi, hawajaswaki.

Halafu ngozi zikaanza kuondoka. Nakuambia kama ilivyokuwa, Kasian usikunje uso, andika. Ilianza kwenye mashavu, ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake pekundu. Pakikauka panakuwa peusi, si weusi wetu huu, ni weusi wa chungu kilichoungua. Kudra aliacha mapema kwa sababu yeye ni mvivu wa kujipaka, ana mabaka tu. Wengine wana mabaka na vidonda. Lakini Swaumu alikuwa mdhamini mwaminifu. Aliona akiacha kupaka atamwangusha Herieth mbele ya wateja. Alipaka asubuhi, alipaka jioni. Ngozi ikibanduka anapaka juu yake, anasema, "Ndiyo inavyofanya kazi, inatoa ya zamani."

Sasa anashona kajifunika kanga mpaka puani. Watoto wa shule wakipita wanapiga kelele, "Nyani kashona suruali!" Kale kachanga kake kakimwona uso kanalia, anakanyonyesha uso ameugeuzia ukutani. Na Salumu, yule aliyekuwa anarudi mapema, amemwambia ahamishie cherehani uani, kwa sababu wateja wa duka lake wanaogopa. Hakumwambia kwa hasira. Alimwambia kwa upole, na akambebea cherehani yenyewe. Afadhali angempiga kofi, tungejua la kumfanya.

Na uso si mwisho wake. Miguu yake imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Mkojo una povu. Tumempeleka hospitali, tumekutana na daktari kijana aliyehamishiwa huku kutoka pwani, hana dharau. Akasema figo zinaumia. Akasema mafuta hayo yamepita kwenye ngozi yakaingia ndani. Akauliza, "Yaliitwaje? Yalikuwa na nini?" Tukatazamana kama kuku. Kopo moja limepelekwa mbali kupimwa, majibu hayajarudi, na figo hazisubiri majibu. Akasema tena, maana aliona mimi ndiye mwenye masikio: "Bibi, sumu hizi ni za namna nyingi na kila moja ina tiba yake. Nikijua jina, nitajua pa kuanzia. Sasa hivi nampapasa gizani."

Tukamrudisha Herieth kwenye duara ajieleze. Alikuja amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba. Akapiga magoti. Akasema, "Mama zangu, sikujua. Nililetewa. Ningejua ningewapaka?" Alilia, na analia vizuri yule, tangu utoto. Nikaona wanawake wanalainika. Mmoja mwenye kidonda kabisa kwenye kidevu akasema, "Mtoto kadanganywa jamani." Kudra akaguna, akasema, "Tumsamehe, tumtafute aliyetuma." Hata Swaumu, chini ya kanga yake, alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama.

Nikamwambia, "Herieth, siku ile ulinipaka?"

Akaivuta kanga yake mpaka machoni.

"Nakuuliza mbele ya watu. Ulinipaka au ulinipita?"

"Bibi, nilisema ngozi yako ni ya kizee..."

"Kopo la kwanza uliponipaka, ngozi yangu ilikuwa ya kitoto?"

Watu wakacheka. Ni mazoea, mimi nikisema watu hucheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, kama mtu aliyemeza mfupa. Swaumu akafunua kanga usoni, kwa mara ya kwanza mbele yetu, ili amwone Herieth vizuri. Akamwuliza, polepole, "Ulijua?"

Herieth alitazama chini, na pale chini palikuwa na miguu ya Swaumu iliyovimba.

Watu wanasema nimemchinja mjukuu wangu. Mwenye duka la mbolea hapa ananiita bibi mchawi, nasikia. Sawa. Lakini nisikilize wewe ambaye nilikuchanja chale za surua kwa wembe wangu. Yule mtoto alinipenda, ndiyo maana alinipita. Na kwa kuwa alinipita, alijua. Hofu yake yote aliiweka kwenye shavu la bibi yake, kwa wengine hakubakiza hata ya kuwaambia wapake kidogo. Ningenyamaza, angesamehewa, na angebaki na meza yake sokoni, na mimi ningebaki na shavu langu, na Swaumu angebaki na nini?

Ninalala naye kitanda kimoja siku hizi. Anaogopa kulala peke yake, wametupa mawe juu ya bati. Usiku anatetemeka, namfunika. Asubuhi namwamsha kwa mguu akamchotee Swaumu maji. Anakwenda. Watoto wanamfuata wanaimba, "Mchuna nyuso! Mchuna nyuso!" Juzi aliniambia, "Bibi, nipitie kichochoroni." Nikamwambia, "Pita barabarani, na ndoo kichwani." Akirudi namwekea ugali na migebuka, kipande cha kichwa anachokipenda, nasimama pale mpaka amemaliza. Mimi ndivyo ninavyojua kupenda.

Kikoba kimeamua hivi. Sufuria lake kubwa limefungiwa kwa Kudra. Jina la ile sumu likipatikana, Swaumu akaanza tiba ya kweli, Herieth atapewa sufuria lake, atachemsha mafuta yake ya zamani, nta na mise na mchaichai, mbele ya macho ya wanakikundi. Na tutamwongezea mkopo, ndiyo, usishangae, kwa sababu mtu aliyeketi hatibu mtu. Faida itakwenda kwenye dawa za Swaumu mpaka hapo daktari atakaposema basi. Jina lisipopatikana kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, sufuria linauzwa, meza ya Kasulu inatolewa kwa mwingine, na Herieth anafutwa. Aliyefutwa kikobani hapa hakuna atakayemkopesha hata kibiriti. Na Swaumu atabaki anapapaswa.

Herieth ameapa kwa kaburi la mama yenu kwamba hajui jina. Hilo namwamini. Karatasi zilibanduliwa kabla hazijafika huku. Basi anayejua ni mmoja.

Sasa nije kwako, na usiache kusoma hapa. Fidele anakutazama.

Kudra alinionyesha picha yako kwenye simu yake, ile uliyopiga dukani. Umesimama katikati ya rafu, nyuma yako makopo yamejipanga mpaka darini, yana majina yote, hakuna lililobanduliwa. Mzuri wewe. Nilimwambia Kudra akuze picha, nikautazama uso wako kwa muda mrefu. Mweusi, unang'aa kama punje ya mise iliyotoka kuoshwa. Hakuna baka, hakuna weupe. Umezungukwa na vitu hivyo mchana kutwa na hujagusa hata kwa kidole kidogo.

Na wewe umejipita.

Basi mmefanana, nyie watoto wangu wawili. Mmoja alimpita bibi, mwingine alijipita mwenyewe, na wote wawili mkampaka Swaumu. Nimewalea kwa maziwa ya mbuzi na kwa mkono huu baada ya mama yenu kufa, na kumbe nilikuwa nafuga watu wanaojua kuchagua uso wa kuunguza.

Najua unachoogopa. Unaogopa ukitaja jina, serikali itakuja dukani. Itakuja. Unaogopa mwanaume wako atakukimbia. Akikukimbia kwa hilo, njoo nyumbani, kitanda chetu kinabeba wa tatu, na mtoto atalala kwenye kapu kama ulivyolala wewe. Siwezi kukuahidi kwamba watu hawatakuimbia. Watakuimbia. Nitakuwa mbele nawatukana.

Lakini sikukuandikia ili nikubembeleze. Nimekubembeleza kwa simu, umenikatia.

Kabla wanakikundi hawajaja kukusanya vikopo vibovu, nilichukua kimoja chini ya kitanda cha Herieth. Nimekificha kwenye kibuyu cha mbegu. Jana jioni, Herieth akiwa kisimani, nilinawa uso, nikakaa mlangoni kwenye mwanga, nikajipaka. Shavu la kushoto, lile alilolianzia zamani kwa kopo zuri, lile alilolipita. Leo asubuhi nimepaka tena. Linawasha kama upupu.

Kasian ameacha kuandika. Ananitazama shavu. Nimemwambia, Mwalimu, endelea, hukuja hapa kunichumbia.

Ngozi yangu nyembamba, Philomena. Na figo zangu unazijua, wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono kwenda hospitali mwaka ule. Kopo limejaa. Nitapaka asubuhi na jioni kama alivyopaka Swaumu, na sitaacha mpaka Fidele arudi na jina. Ukimpa leo, nitaacha atakapofika. Ukijifikiria kwanza, nitapaka wakati unajifikiria. Swaumu umemnyamazia kwa kuwa ni mtoto wa watu wengine. Haya, sasa nimekusogezea karibu. Mnyamazie na bibi yako.

Herieth anakusalimia. Hajasema hivyo, ila jana alikuwa anaitazama njia ya mabasi. Kudra hakusalimii. Wajomba zako wa Kibondo wanasema umlete mtoto wamwone. Na Swaumu anakusalimia. Nilipomwambia nakuandikia, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani huko uani na kusema, "Mwambie Philomena namsalimia, na lile gauni kama bado analo aniletee nilipanue, sasa ni mama." Nimekuletea salamu hiyo kama ilivyo. Iweke mahali.

Mungu akulinde wewe na kachanga kako, akupe maziwa ya kutosha, akupashe kifua joto, na leo hii, ukiwa mbele ya Fidele, akufungue mdomo.

Mimi bibi yako, ninayekupenda kwa mashavu yote mawili,

Bibi wa Nyakitonto